Muungwana, Mtumwa na Dalit: Majina ya Nasaba katika Lugha na katika Harakati za Haki

1.0 Utangulizi



Makandana ni sehemu ya mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, na jina lake linajulikana zaidi kwa sababu ya hospitali ya wilaya iliyopo hapo. Upande wa kaskazini unasimama Mlima Rungwe, na katika miteremko yake kipo kituo cha misheni ya Moravian kilichoanzishwa mwaka 1891. Mtu akiuliza mahali hapo habari za ubaguzi wa uzawa, ule unaowakandamiza Wadalit wa India, yaelekea ataambiwa kwamba hilo ni jambo la ng'ambo, na kwamba Wanyakyusa hawakuwa na watu wasioguswa.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti katika Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliikuta jamii ambayo wanaume wake waliishi katika vijiji vya marika: vijana wa rika moja walijenga pamoja, walikula pamoja na kuzeeka pamoja. Zilikuwapo nasaba za machifu, ambazo masimulizi yalidai kuwa zilitoka katika milima ya Ukinga zikiwa na moto na ng'ombe, na walikuwapo raia wa kawaida. Hata hivyo, wakuu wa vijiji walitoka miongoni mwa raia hao, na chifu aliyewapuuza aliogopa nguvu zao. Haukuwapo ukoo uliokatazwa kuteka maji kisimani kwa sababu ya damu yake.

Lakini swali haliishii hapo. Kwanza, nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ilikuwa njia ya biashara ya watumwa katika karne ya kumi na tisa. Pili, lugha inayotumika leo katika shule, mahakama na hospitali ya Makandana ni Kiswahili, lugha ambayo msamiati wake wa heshima na dharau uliundwa kwa sehemu kubwa na utumwa wa pwani. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba utumwa ulipofutwa kisheria, maneno yake hayakufutwa. Waliokuwa chini walijipandisha kwa kujifunika jina la waliokuwa juu, na jamii ikaafiki kunyamaza. Wadalit walishika njia nyingine: walichagua jina linalotaja walichotendewa. Kila njia ina faida yake na gharama yake, na mwanafunzi wa lugha hana budi kuzipima zote mbili.

2.0 Tatizo la istilahi

Inafaa kuanza na neno lenyewe. Kiswahili hutumia tabaka kwa mambo mengi: tabaka la udongo, tabaka la wafanyakazi, tabaka la Kihindi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno hilo lilizoeleka zaidi kwa maana ya kiuchumi, yaani kundi linalotambulika kwa mali yake au kwa kazi yake. Kwa maana hiyo mtu huweza kutoka tabaka moja na kuingia jingine: mtoto wa mkulima akisoma huwa daktari, na mfanyabiashara akifilisika huwa kibarua.

Mfumo wa India haufanani na huo. Nadharia ya kale hutaja madaraja manne, lakini katika maisha ya kila siku watu hugawanyika katika maelfu ya jamii za kuzaliwa, kila moja ikiwa na daraja lake la usafi na unajisi. Chini ya madaraja hayo yote waliwekwa watu wa kufagia vyoo, kuchuna mizoga na kutengeneza ngozi. Elimu haimwondoi mtu hapo, wala mali. B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa katika jamii hiyo mwaka 1891, alieleza mwaka 1916, katika makala aliyoisoma akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, kwamba kiini cha mfumo ni ndoa: kundi huendelea kuwa kundi kwa sababu haliozi nje yake.

Kwa hiyo ni sahihi zaidi kusema ubaguzi wa nasaba. Istilahi hiyo inakubaliana pia na sheria ya kimataifa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1965 dhidi ya ubaguzi wa rangi ulitaja nasaba miongoni mwa misingi ya ubaguzi, na mwaka 2002 kamati inayousimamia ilitoa ufafanuzi kwamba nasaba hujumuisha mifumo ya aina ya India na mingine inayofanana nayo, ambayo mtu huzaliwa na hadhi yake. Ufafanuzi huo ndio unaofungua mlango wa kuitazama Afrika ya Mashariki kwa macho hayohayo.

3.0 Ngazi ya maneno katika Kiswahili cha pwani

Kiswahili cha karne ya kumi na tisa kilikuwa na ngazi kamili ya majina ya watu. Juu alikuwa muungwana, yaani mtu aliyezaliwa huru na mwenye asili mjini. Chini alikuwa mtumwa, neno ambalo umbo lake halina tusi lolote: ni mtu anayetumwa. Kati yao zilikuwapo ngazi nyingine. Mzalia alikuwa mtumwa aliyezaliwa pwani, akalelewa katika lugha na dini ya bwana wake. Mjinga alikuwa mtumwa mgeni aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua bado lugha wala desturi. Mtwana na mjakazi walitofautishwa kwa jinsia, suria kwa kitanda cha bwana, na mjoli ni jina ambalo watumwa wa bwana mmoja waliitana. Nje ya ngazi yote alikuwa mshenzi, mtu wa bara ambaye hakuhesabiwa kuwa na mji wala dini.

Mtu akisikiliza Kiswahili cha leo atayasikia maneno hayo yote, ila yamevaa nguo nyingine. Mwalimu anayemwita mwanafunzi wake mjinga hafikirii msafara wa watumwa, na dereva anayemtukana mwenzake mshenzi barabarani hafikirii bara. Muungwana amekuwa mtu mwenye adabu, na kuomba radhi ni uungwana. Bwana, aliyekuwa mwenye kumiliki, amekuwa mtu yeyote mwanamume. Maana ya hadhi imegeuka kuwa maana ya tabia. Mabadiliko ya namna hii hutokea katika lugha nyingi, lakini yana athari yake: hadhi inapogeuka tabia, ukoo wa chini huonekana kuwa ni ukoo wa watu wasio na adabu, na ukoo wa juu hupewa adabu kama urithi.

Neno jingine linastahili kuangaliwa, nalo ni kufu. Katika sheria ya ndoa ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafi yaliyoenea pwani, kufu ni kulingana kwa mume na mke, na miongoni mwa mambo yaliyozingatiwa ni uhuru na nasaba. Sharti hilo lilikusudiwa kumlinda mwanamke na jamaa zake. Hata hivyo, kauli kwamba fulani si kufu yake iliweza kufunga mlango wa ndoa muda mrefu baada ya sheria ya utumwa kufutwa. Hapa hoja ya Ambedkar na uzoefu wa pwani vinakutana. Sheria ya serikali hufika sokoni na kazini. Posa huzungumzwa ndani ya nyumba, na huko nasaba huulizwa kwa sauti ya chini.

4.0 Kutoka Mtumwa hadi Siti

Sheria zenyewe zilikuja kwa awamu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria katika visiwa hivyo mwaka 1897, ingawa masuria walisubiri hadi mwaka 1909. Kenya ilifuta mwaka 1907. Katika bara la Tanganyika, Wajerumani hawakuufuta utumwa moja kwa moja. Waliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Ilibidi kusubiri sheria ya Waingereza ya mwaka 1922.

Watu hawakungoja serikali iwape heshima. Laura Fair, katika utafiti wake juu ya Zanzibar uliochapishwa mwaka 2001, ameonyesha jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoacha kaniki na merikani, nguo zilizowatambulisha, wakavaa kanga na baadaye buibui. Walibadilisha pia majina ya makundi yao. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1924 wengi wa Zanzibar walijiandikisha kuwa Waswahili. Kufikia hesabu ya mwaka 1931 wengi mno walikuwa wameliacha jina hilo na kujiita Wahadimu, Washirazi au jina jingine. Sababu ni kwamba jina Mswahili lilikwisha kunuka utumwa. Mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kulikumbuka jambo hili: jina la lugha anayoisoma limewahi kukimbiwa na wenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwimbaji Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya wafinyanzi maskini wenye asili ya utumwa, akauza vyungu kwa miguu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Siti, yaani bibi mheshimiwa, ni jina alilopewa baadaye, sauti yake ilipokwisha kuwavuta watu wa ngazi zote. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki ambaye sauti yake iliuzwa katika santuri. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kwa hiyo maisha ya binti mfinyanzi yakaingia katika fasihi andishi ya Kiswahili.

Hadithi ya Siti husimuliwa kama ushindi, na ni ushindi kweli. Lakini ni vyema kuangalia umbo lake. Mtumwa alipata heshima kwa kuacha kuitwa Mtumwa. Ngazi ilibaki pale pale; yeye ndiye aliyepanda. Jambo hilohilo lilitokea kwa kiwango kikubwa zaidi bara. Wapagazi na askari wa misafara iliyotoka Zanzibar, ambao wengi wao walikuwa watumwa au wameachwa huru, walijiita wangwana, na Kiswahili walichokipeleka Kongo ya mashariki kikaitwa Kingwana. Lahaja nzima ilipewa jina la uungwana na watu ambao pwani wangenyimwa jina hilo.

5.0 Njia ya Wadalit

Siti alipofika Bombay mwaka 1928, mkoa huo ulikuwa bado unazungumza juu ya tukio la mwaka uliotangulia. Tarehe 20 Machi 1927, katika mji wa Mahad, Ambedkar aliongoza maelfu ya watu hadi kwenye bwawa la maji la mji na kunywa. Halmashauri ilikuwa imekwisha kuamua kwamba bwawa ni la wote, lakini uamuzi huo ulikuwa wa karatasi tu, na walionywa maji walipigwa na watu wa madaraja ya juu. Kesi ya bwawa hilo iliendelea mahakamani hadi mwaka 1937, ndipo Mahakama Kuu ya Bombay ilipowapa haki.

Sambamba na vita vya maji palikuwa na vita vya jina. Dola ya kikoloni ilitumia majina ya kiofisi. Gandhi, kuanzia miaka ya mwanzo ya 1930, alieneza jina Harijan, lenye maana ya watu wa Mungu. Nia ilikuwa njema, lakini Ambedkar na wenzake walilikataa. Jina hilo liliwasifu bila kumtaja aliyewaumiza. Liliomba huruma pale ambapo wao walidai haki. Neno walilolishika, hasa baada ya vijana wa Bombay kuunda chama cha Dalit Panthers mwaka 1972, ni dalit: aliyepondwa, aliyevunjwavunjwa. Ni neno katika hali ya kutendwa, kama mtumwa lilivyo katika Kiswahili. Anayelisikia hulazimika kuuliza: amepondwa na nani?

Wakati huo sheria ilikuwa imekwisha kupiga hatua. Katiba ya India, ambayo Ambedkar aliongoza kamati ya kuiandika, ilianza kutumika mwaka 1950, na ibara yake ya 17 ilifuta unajisi wa kutoguswa. Mwaka 1989 ilitungwa sheria maalumu ya kuzuia ukatili dhidi ya jamii hizo. Hesabu ya watu ya mwaka 2011 iliwahesabu kuwa zaidi ya watu milioni 200, karibu mmoja katika kila sita. Ukatili haujakoma, na vita vya jina navyo havijakoma: mwaka 2018 wizara ya habari ya India ilivishauri vituo vya televisheni viepuke neno Dalit na kutumia jina la kisheria. Waandishi wengi wa jamii hiyo walipinga, kwa kuwa jina la kisheria humtaja mtu kama alivyoandikwa katika orodha ya serikali, ilhali Dalit humtaja kama alivyotendewa.

Ni dhahiri kwamba njia hii ina gharama. Anayejiita Dalit hujitambulisha mbele ya jirani, mwajiri na mwenye nyumba ambao pengine wasingemjua. Wengi huficha jina la ukoo wanapohamia mijini, kama vile watu wa Zanzibar walivyobadili jina katika hesabu ya mwaka 1931. Haifai kuwalaumu. Kunyamaza huweza kuwa ngao ya mtoto.

6.0 Wazigua wa Mto Juba

Afrika ya Mashariki inayo jamii ambayo haikupata nafasi ya kujificha. Katika karne ya kumi na tisa, wakati wa njaa na vita, Wazigua pamoja na Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa waliuzwa katika bandari za Somalia ili kulima mashamba ya bonde la Shebelle. Baadhi yao walitoroka na kujenga vijiji katika misitu ya Mto Juba. Masimulizi yao humtaja mwanamke aitwaye Wanankhucha kuwa ndiye aliyewaongoza. Sehemu ya vijiji hivyo iliendelea kuzungumza Kizigula kwa zaidi ya karne moja, mbali na Handeni.

Walibaki huru, lakini waliendelea kuitwa kwa jina lenye maana ya watumwa, na kwa jina jingine linalotaja nywele zao ngumu. Hawakuozwa na koo za juu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1991, hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwalinda. Katika mkutano wa Arta, Djibouti, mwaka 2000, viti vya bunge viligawanywa kwa fomula ya nne na nusu: koo kubwa nne zilipata fungu moja kila moja, na jamii nyingine zote pamoja zikapata nusu. Ni nadra kwa ubaguzi wa nasaba kuandikwa kwa tarakimu waziwazi namna hiyo.

Wengi walikimbilia kambi za Kenya, na kuanzia mwaka 2003 Marekani ilipokea takribani 12,000 kati yao. Wengine walirejea Tanga, wakapewa ardhi katika makazi ya Chogo, Handeni, na Tanzania ikawafungulia njia ya uraia. Walifika wakiwa na lugha ya mababu. Kwa mtaalamu wa lugha za Kibantu, jambo hili ni ushahidi wa kisayansi. Kwa wao wenyewe lilikuwa kitambulisho. Lugha iliyowafanya waonekane wageni Somalia ndiyo iliyowatambulisha nyumbani.

7.0 Sauti zilizoandikwa

Hapa ndipo inapofaa kurejea nyanda za Rungwe na Mbeya. Mmisionari wa Kimoravian Elise Kootz-Kretschmer, aliyefanya kazi Utengule katika nchi ya Wasafwa, aliandika habari za maisha ya watu waliopitia utumwa, wakiwamo wanawake wawili, Narwimba na Chisi. Mwanahistoria Marcia Wright alizichambua habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 1993. Wanawake hao walipita mkono hadi mkono kwa uvamizi, kwa deni na kwa fidia. Kinachojitokeza ni kwamba hatari haikutoka kwa wafanyabiashara wa pwani peke yao. Mwanamke asiye na jamaa wenye nguvu aliweza kutolewa na majirani, hata na watu wa nyumba aliyoolewa.

Ushahidi huu unasahihisha jibu lililotajwa mwanzoni. Kweli, eneo hili halikuwa na jamii ya wasioguswa. Lakini lilikuwa na watu ambao udhaifu wa nasaba yao uliwafanya wawe bidhaa. Baada ya ukoloni kuingia, wengi waliolewa, wakazaa, wakamezwa na koo za wenyeji. Jamii iliwapokea kwa kutouliza, na adabu hiyo ya kutouliza ni moja ya mambo mema yaliyorithiwa. Kasoro yake ni kwamba kilichosahauliwa ni tendo, si tusi. Mtu akikasirika bado anaweza kumwambia mwenzake kwamba babu yake alinunuliwa, na anayetukanwa hana neno la kujibu, kwa sababu hadithi ya babu huyo haikusimuliwa kamwe kama dhuluma. Ilifichwa kama aibu.

8.0 Hitimisho

Mwaka 1984 Hati ya Haki iliingizwa katika Katiba ya Tanzania, na ibara ya 12 ikathibitisha usawa wa binadamu wote. Kabla ya hapo siasa ya Ujamaa ilikuwa imejaribu kurekebisha lugha yenyewe kwa kumfanya kila mtu aitwe ndugu. Jaribio hilo lilikuwa na maana kubwa, kwani lilitoa jina moja kwa mjukuu wa muungwana na mjukuu wa mtumwa. Lakini jina jipya lililowekwa juu ya majina ya zamani halikuyafuta.

Kutokana na hayo, kazi tatu zinawangoja wanafunzi na wataalamu wa Kiswahili. Ya kwanza ni ya istilahi: tabaka na nasaba zitenganishwe, ili habari za Wadalit au za Wazigua wa Juba zisisomwe kama habari za umaskini tu. Ya pili ni ya kamusi: maneno kama mjinga, mshenzi na muungwana yapewe historia yake mahali pake, kwani mtumiaji anayejua neno limetoka wapi hulitumia kwa uangalifu. Ya tatu ni ya fasihi na historia: maisha ya Siti, ya Narwimba na ya Chisi yafundishwe pamoja, kama habari za watu waliotendewa dhuluma wakaishi.

Hakuna anayelazimika kuanika ukoo wake hadharani. Familia iliyonyamaza kwa miaka 100 ina haki ya kuendelea kunyamaza. Lakini aibu inapasa kuhama kutoka kwa aliyeuzwa na kumwendea aliyeuza. Wadalit waliihamisha kwa neno moja. Kiswahili hakina haja ya kuazima neno hilo, kwa sababu umbo lake kinalo tayari: mtumwa ni mtendwa, na kila mtendwa ana mtenda. Siku mtoto wa shule pale Makandana atakapoulizwa maana ya mtumwa, naye akajibu kwa kueleza kwanza ni nani aliyetuma, neno litakuwa limeanza kuwa historia, na nguvu yake kama tusi itakuwa imepungua.